Lamu, Maji Ndiyo Yanayopanga Safari

Anayekodi mashua gatini Lamu huuliza kwanza bei, kisha saa ya kuondoka. Swali la pili halina jibu moja. Nahodha ataangalia tarehe ya mwezi mwandamo, kwa sababu mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo ndipo huja bamvua. Katika pwani hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne au saa tano za asubuhi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa imepungua, na saa zimegeuka, kiasi kwamba asubuhi ile iliyokuwa kavu sasa imejaa. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mvuvi anayejua kwamba leo ni mwezi 3 Rajabu anajua pia, bila jedwali lolote, kama Mkanda, ule mfereji kati ya Manda na bara, utapitika.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu wageni wengi hudhani kuona wanyama ni bahati. Kwa pomboo, labda. Waliobaki wana miadi na maji.

Chukua asubuhi ya bamvua. Mafungu ya mchanga na matope yameibuka, na juu yake wamesimama ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene usiolingana na umbo lao. Chakula chao kikuu ni kaa. Ndege hukimbia hatua chache, husimama kimya, kisha hudona, na ukiwa na darubini utaona kaa akipigwapigwa mpaka miguu inamtoka. Wataalamu humwita Dromas ardeola, na katika familia yake ya ndege yuko peke yake, hana ndugu.

Ajabu yake kubwa haionekani Lamu. Kati ya Aprili na Julai huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na huko huchimba shimo refu mchangani na kutaga ndani yake yai moja. Yai ni jeupe. Lililofichwa gizani halihitaji madoa ya kumhadaa adui. Mchanga uliopashwa na jua husaidia kuliatamia, hivyo wazazi wanaweza kwenda mbali kutafuta chakula. Kuanzia Agosti huanza kuonekana kwetu. Majahazi ya Oman yalikuwa yakisubiri kaskazi ndipo yashuke. Ndege hawa hawana subira hiyo. Tazama vizuri kundi lao: mara nyingi kuna kinda wa kijivu anayemfuata mzazi akiomba kaa, ingawa ana mabawa yaliyomvusha bahari.

Siku za maji mafu ni za Mkanda, kwa kuwa asubuhi una kina. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na katikati yake ukimya wa pondo una faida zaidi kuliko injini yoyote.

Nje ya mikoko kuna nyasi bahari, na kwenye nyasi bahari kuna kasa. Kasa mzima hula majani haya, na ni lazima apande juu kuvuta pumzi. Akichomoza kichwa, angalia gamba lake, kwani huenda amebeba chazo. Samaki huyu ana kisahani juu ya kichwa, ambacho kwa asili ni pezi la mgongo lililogeuka umbo, chenye safu za mikunjo na vimiiba vinavyoelekea nyuma. Wavuvi wa Kibajuni walilijua jambo hili kabla ya maabara yoyote. Walimfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, naye akang'ang'ania. Kadiri kamba ilivyovutwa nyuma ndivyo vimiiba vilivyozidi kushika. Ili kumbandua ilibidi asukumwe mbele. Leo kasa analindwa na sheria na uvuvi huo ni marufuku, lakini sijaona ufundi wa nyavu unaoukaribia kwa werevu. Siku hizi kazi ya watu wa Shela na Kiunga ni nyingine: kiota kilichochimbwa chini mno, mahali ambapo bamvua litafika, mayai yake huhamishiwa mchanga wa juu.

Nguva naye hula nyasi hizo hizo, na asikudanganye mtu kwamba utamwona. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja na huzaa ndama mmoja tu, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Wavu mmoja unaweza kufuta uzazi wa miaka mingi.

Kusi likikaza, kati ya Juni na Septemba, safari nyingi za visiwa vya kaskazini husimama. Ndio wakati buabua hutaga kwenye vijisiwa vya matumbawe vya Kiunga, hifadhi ya bahari tangu 1979. Mayai yako wazi juu ya mwamba. Mtu akishuka pale kupiga picha, kundi lote huruka kwa kelele, na jua la adhuhuri halihitaji muda mrefu kuyapika mayai yaliyoachwa. Kwa hiyo ukiwa umefika huko licha ya mawimbi, nanga itiwe mbali na darubini ifanye kazi yake.