Mlango Namba 96

Kwenye vituo vya kununulia majani chai vya Litein na Kapkatet, foleni ya jioni ni ya vikapu na magunia. Karani hutundika gunia kwenye ndoano ya mizani, namba nyekundu zinatulia, na kijikaratasi chenye kilo kinatoka. Wazee bado wanakumbuka mizani ya saa, ile yenye mshale, na ugomvi wake: mkulima akisimama upande huu anaona kilo 14, karani upande ule anaona 13 na nusu. Mizani ya kielektroniki iliupunguza ugomvi huo kwa sababu uzito haupiti tena kwenye jicho la mtu. Unapita kwenye waya, au hewani, hadi kwenye kifaa kinachouandika.

Waya huo ndio ulionipeleka kwa fundi mmoja wa kompyuta mjini Kericho. Juu ya kabati lake kuna kompyuta nzee, rangi yake imegeuka kuwa ya chai ya maziwa, na nyuma yake ipo tundu yenye pini tisa, umbo la herufi D. Nilimuuliza kwa nini haiuzi kama chuma chakavu. “Hii ndiyo inaongea na mizani ya zamani,” akasema. “Ukinunua mpya, kaka, utachomeka wapi?”

Tundu hiyo ya pini tisa, kwa macho ya kichakataji, ni namba tu: 1016. Kibodi ni 96. Printa ya zamani, ile ya plagi pana, ni 888. Namba hizi zilipangwa katika kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 na hazijahama tangu hapo.

Zinatoka wapi? Vichakataji vya jamii ya Intel vina njia mbili za kufikia vitu. Ya kwanza ni kumbukumbu, ambako kila baiti ina anwani yake. Ya pili ni milango ya vifaa, mtaa wa pembeni wenye namba zake zenyewe, usiochangamana na kumbukumbu hata kidogo. Kuna amri ya kusoma mlangoni na amri ya kuandika mlangoni, basi. Chipu ya 8080 ya mwaka 1974 ilikuwa na milango 256. Ile ya 8086 ya mwaka 1978 ikaongeza hadi 65,536. Kwa wakati wake mpango huu ulikuwa na akili. Chipu ya 8080 iliweza kuhesabu kilobaiti 64 tu za kumbukumbu, na hakuna aliyetaka kibodi au printa imege shamba dogo namna hiyo.

Mlango ninaoupenda zaidi ni namba 128. Linux, mfumo endeshi, ilizoea kuuandikia bila kutaka chochote kutoka huko. Ilibisha hodi, ikapoteza sehemu ndogo mno ya sekunde, na hilo ndilo pumziko ambalo vifaa vya polepole vilihitaji.

Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991 huko Helsinki, kwenye kompyuta yenye kichakataji cha Intel 386. Kiini ndicho sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na vyuma: programu ikitaka herufi kutoka kwenye kibodi, kiini ndicho kinachokwenda kuichukua. Kwa kuwa kilizaliwa kwenye mashine yenye milango, kilikua kikiamini kwamba kila mashine ina milango. Maelfu ya mistari ya viendeshi, vipande vya programu vinavyozungumza na kila kifaa, iliandikwa kwa imani hiyo.

Kisha kiini kikasafiri. Leo kimo ndani ya kila simu ya Android, na vichakataji vya ARM vilivyomo kwenye simu hizo havina kabisa zile amri mbili za mlangoni. Vichakataji vya RISC-V navyo havina amri hizo. Wala hazimo kwenye kompyuta kubwa za IBM za jamii ya s390, zile zinazotumiwa na mabenki. Kwenye baadhi ya mashine hizi milango huigizwa: kifaa cha PCI, kama kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta, kikihitaji mlango, kipande cha kumbukumbu hutengwa, na namba ya mlango huongezwa kwenye anwani ya mwanzo wa kipande hicho. Ujanja huo unafanya kazi vizuri mradi kipande kipo.

Pale kisipokuwepo, kiini kilikuwa na tabia ya ajabu. Kilichukua sifuri kama anwani ya mwanzo. Mlango namba 96 ukawa anwani ya kumbukumbu namba 96.

Mfikirie dereva wa lori la kiwanda aliyeambiwa akachukue majani kituo namba 96. Kiwanda chake hakina kituo hicho. Badala ya kurudi ofisini na kusema hakuna, anahesabu hatua 96 kutoka getini, anasimama hapo alipofika, iwe ni kwenye mtaro au jikoni kwa mtu, na anaanza kupakia. Ndivyo kiini kilivyofanya, na anwani za chini kabisa za kumbukumbu ndizo kwa kawaida hazitakiwi kuguswa. Matokeo ya kawaida ni mfumo kuanguka.

Kompaila ya Clang, programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa lugha ya mashine, ilianza kulalamika juu ya hesabu hizi za kuongeza namba kwenye sifuri. Lalamiko la namna hiyo ni rahisi kulinyamazisha. Mstari mmoja, na kimya kinarudi. Torvalds hakutaka kimya hicho. Alitaka kiendeshi kinachogusa mlango kwenye mashine isiyo na milango kikatae kabisa kutengenezwa.

Kazi hiyo iliangukia hasa kwa Niklas Schnelle wa IBM, mtu wa s390, akishirikiana na Arnd Bergmann, msimamizi wa sehemu za kiini zinazotumiwa na aina zote za vichakataji. Walianza mwaka 2021. Suluhisho lenyewe linaandikika kwenye kiganja: swichi moja katika mipangilio ya kiini, HAS_IOPORT, inayosema kama mashine hii ina milango au la. Swichi iliingia katika toleo la 6.4, mwaka 2023. Lakini amri zenyewe za mlangoni hazikuweza kuondolewa pale swichi inapozimwa hadi toleo la 6.13, Januari 2025.

Kwa nini miaka yote hiyo? Kwa sababu ilibidi viendeshi vipitiwe kimoja kimoja, kama mchumaji anavyopita kichaka kwa kichaka, na kila kimoja kiulizwe: wewe unahitaji milango kweli, au unaitumia ikiwepo tu? Kadi za sauti, kadi za michoro, USB ya kizazi cha kwanza, Bluetooth ya kadi za kompyuta za mkononi za zamani. Kiendeshi cha tundu ya pini tisa kilikuwa na shida ya pekee. Kinaitwa 8250, kwa jina la chipu ya zamani, na kina nyuso mbili: kwenye kompyuta ya fundi wangu kinapita mlango namba 1016, kwenye bodi nyingine kinapita kumbukumbu na hakijui mlango ni nini. Huwezi kukizima chote kwa kosa la upande mmoja. Unalazimika kukipasua ndani na kuacha nusu iliyo hai.

Je, kuna mkulima wa Bomet atakayeongezewa hata gramu kwa kazi hii? Hakuna, na sipendi makala za teknolojia zinazojifanya kila kitu kitamfikia mkulima. Anayefaidika ni mhandisi: kosa linamkuta mezani kwake, kabla halijafika kwenye mashine ya mtu.

Kompyuta ya juu ya kabati nayo iko salama, kwa kuwa kwenye mashine za jamii ya Intel swichi imebaki imewashwa. Ila fundi wangu yuko sahihi nusu tu. Upo waya wa kugeuza, upande mmoja pini tisa, upande wa pili USB, na mizani ya zamani inaongea kupitia huo na kompyuta mpya isiyo na tundu ile. Herufi zinasafiri kwa taratibu za USB, na mlango namba 1016 hauguswi kabisa.

Ukiwa na kompyuta ya mezani yenye Linux, fungua dirisha la amri na uandike sudo cat /proc/ioports. Namba zitaandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, si ya kumi. Tafuta mstari wa 0060, wenye neno “keyboard”. Sita mara kumi na sita ni 96.