Taya la Mtoto na Ramani ya Mbu

Mtoto wa miaka mitano au sita amevimba taya, na magego yanacheza mdomoni ingawa hajajigonga popote. Kwa wazazi wengi safari ya kwanza ni kwenda kung'oa jino. Jino linang'oka, uvimbe unazidi. Huenda tatizo si jino hata kidogo, bali ni limfoma ya Burkitt, saratani ambayo seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto aliyevimba mataya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu haliendi hivyo. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mwingine wa namna hiyohiyo. Akaanza kufukua majalada, na humo akakuta kwamba wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Kilichoandikwa kama magonjwa mbalimbali kilikuwa ugonjwa mmoja. Makala yake ya kwanza juu ya ugonjwa huo ilitoka 1958.

Kisu hakikufua dafu: ukiondoa taya, uvimbe wa tumboni unabaki. Burkitt akageukia swali ambalo halihitaji chumba cha upasuaji: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Alituma picha za wagonjwa kwa posta katika hospitali nyingi za Afrika. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakaondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakaenda hadi kusini mwa Afrika, takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi zilikuwa salama; karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Ilikuwa ramani ya mbu.

Machi mwaka huohuo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Huenea kwa mate, na karibu kila mtoto wetu hukipata akiwa mdogo bila madhara. Hatari hukua pale malaria inapomrudia mtoto mara kwa mara: huchochea seli za kinga zilizobeba kirusi zizaliane mfululizo, huku ikidhoofisha zile zinazozidhibiti. Katika kuzaliana huko vinasaba vinaweza kukatika na kuungwa pasipostahili, na seli moja ikakosa breki.

Shinyanga na Geita ziko ndani ya ukanda huo wa joto na mvua, na Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi Tanzania Bara. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kila shimo lililoachwa hukinga maji ya mvua, na mbu wa malaria hupenda madimbwi ya namna hiyo yanayopigwa na jua.

Kanda ya Ziwa imewahi pia kuwa uwanja wa kulipima wazo hili la malaria. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini, dawa ya malaria. Wagonjwa wa Burkitt walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza hata kabla ya vidonge, hivyo watafiti hawakuweza kuvipa sifa yote.

La tiba halina utata huo. Burkitt mwenyewe alishuhudia uvimbe ukiyeyuka kwa dawa za saratani, na baadhi ya watoto wakapona. Leo dawa hizo hutolewa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda. Adui ni muda. Taya linalovimba, jino linalolegea kabla ya wakati, jicho linalosukumwa nje au tumbo linalojaa ghafla: mtoto huyo apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Na mhudumu wa zahanati asiliguse jino kabla ya kulipapasa taya lote, na tumbo pia.