Ruzuku Ndogo Hukuzaje Msitu?

Mara nyingi hudhaniwa kwamba kazi kubwa haina budi kuanzishwa kwa fedha nyingi. Hata hivyo, vyama vingi vya hiari vinavyopanda miti, kulinda chemchemi au kuhifadhi mikoko vilianza kwa fedha kidogo mno. Vingine vilistawi. Vingine vilikufa mara fedha zilipokwisha, na vibao vyao vikabaki kando ya barabara vikitangaza miradi isiyokuwapo. Tofauti hiyo yatokana na nini? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu halimo katika ukubwa wa ruzuku peke yake, bali hasa katika muda wake na masharti yake.

Ruzuku ni nini?

Ruzuku ni fedha zitolewazo kwa chama kisichotafuta faida ili kitekeleze kazi iliyokubaliwa. Si mkopo, kwa kuwa hairudishwi. Wala si sadaka, kwa kuwa mpokeaji hutakiwa kutoa hesabu ya matumizi na matokeo. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ulioanzishwa mwaka 1992 chini ya uendeshaji wa Umoja wa Mataifa, kwa miaka mingi uliweka dola 50,000 za Marekani kuwa kiwango cha juu kwa mradi mmoja. Kwa kujenga barabara, fedha hizo si kitu. Kwa kikundi cha kijiji chenye vitalu vya miche, ni nyingi.

Saa mbili zisizolingana

Mche hukaa kitaluni miezi kadhaa. Ukishapandikizwa, mizizi yake huwa bado haijafika kwenye udongo wenye unyevu wa kudumu, ilhali majani yake yanaendelea kupoteza maji. Kwa sababu hiyo kiangazi cha kwanza na cha pili ndivyo vipindi vya hatari zaidi, licha ya mbuzi na moto. Wahasibu, kwa upande wao, hufunga hesabu kila miezi 12. Basi ruzuku ya mwaka mmoja hulipia kupanda, isilipie kutunza. Taarifa ya mwisho wa mwaka itasifu maelfu ya miche iliyopandwa, nayo huenda imekwisha kukauka.

Mfano wa Kenya

Tarehe 5 Juni 1977, Profesa Wangari Maathai, mwanasayansi wa elimu ya viumbe na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wanawake wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi kati yake haikudumu. Miwili ndiyo iliyosalimika na kukua. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Mapema katika miaka ya 1980, Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Wanawake uliipa kazi hiyo dola 122,700, na chama cha misitu cha Norway kikashirikiana nayo.

La kuzingatia zaidi ni masharti ya malipo. Wanawake wa vikundi walipewa kiasi kilicholingana na senti 4 za dola kwa kila mche, si kwa kuupanda tu, bali baada ya kuthibitishwa kwamba umeshika na unaishi. Kwa njia hiyo fedha zilifuata saa ya mti. Baada ya miongo kadhaa, miti iliyopandwa ilizidi milioni 50, na mwaka 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hesabu ya darasani

Tuchukue mfano wa kukisia. Kikundi cha kwanza hulipwa senti 4 kwa kila mche uliopandwa. Kati ya miche 100, 40 tu ikaishi. Gharama ni senti 400. Hivyo kila mti ulio hai umegharimu senti 10. Kikundi cha pili hulipwa senti 4 kwa mche ulio hai. Hata kama nacho kitabakiwa na miti 40, malipo yatakuwa senti 160, na senti 240 zitasalia kulipia miti mingine 60. Zaidi ya hayo, kikundi hiki kina sababu ya kumwagilia na kuweka ua.

Lakini wakati nao hula fedha. Bei zikipanda kwa asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 10 kiasi kilekile kitanunua takriban nusu tu ya kile kilichonunua mwanzoni. Mfadhili arudiaye kutoa ruzuku ileile kila mwaka, kwa kweli anaipunguza.

Kutoka ruzuku hadi mapato

Watu wa pwani waliutambua ukweli huu zamani kwa desturi ya wakfu: shamba la minazi haliuzwi, ila mazao yake hutunza msikiti au chuo mwaka hata mwaka. Ruzuku njema hulenga hali kama hiyo, yaani kuacha nyuma kitu kizaacho. Katika Ghuba ya Gazi, Kwale, utafiti wa mikoko ulitangulia kwa miaka mingi; ndipo mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni walipoanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kuhifadhi hekta 117. Mikoko hufyonza kaboni dioksidi, na sehemu ya kaboni hiyo huzikwa matopeni. Kiasi kilichopimwa huuzwa kwa njia ya hati, na mapato hugharimia maji na shule.

Walimu waweza kulijaribu jambo hili. Shule ikipanda miche, wanafunzi waihesabu siku ya kupanda, kisha baada ya miezi 6, 12 na 24, na wachore grafu. Mstari huo utawaonyesha wazi ni lini fedha, maji na mikono ya watu vinahitajika zaidi, nao utakuwa ushahidi bora wa kumpelekea mfadhili yeyote.