Mtoto Akitumwa Dukani

Ukitaka kujua kama mtoto wa miaka minane anajiamini, usimwulize. Mpe noti ya elfu tano, mwambie akalete sukari robo, mafuta ya kula ya buku na kiberiti kimoja, kisha mtazame anavyotoka mlangoni. Wapo wanaoondoka mbio huku wakiirudia orodha kwa sauti isije ikawapotea. Wapo wanaosimama, wanaikunja noti mara nne, wanauliza habari za Mangi mwenye duka: "Na Mangi akisema hakuna?" Swali hilo nalisikia sana katika kazi yangu ya ushauri wa malezi. Anayeliuliza hajakosa akili wala adabu. Amekosa mazoezi.

Wazazi huja na malalamiko matatu, kila moja kama ugonjwa wake: mtoto hana heshima, hajiamini, hawezi kujitegemea. Kila ugonjwa wanautafutia dawa. Ukosefu wa heshima utatibiwa na mawaidha, kutojiamini na maneno ya kutia moyo, na utegemezi na shule ya bweni. Kwa ninavyoona mimi, mambo hayo matatu mtoto hujifunza kwa pamoja, ndani ya kazi ndogo ambayo kuna mtu anaingoja. Nyumba nyingi za mjini zimeacha kumpa mtoto kazi ya namna hiyo. Mama anampigia Mangi simu, anamlipa kwa lipa namba, na bodaboda analeta mzigo hadi getini. Mtoto yuko sebuleni anaangalia katuni. Pesa hakuziona, wala Mangi hamjui kwa sura.

Tuitazame safari yenyewe. Mtoto anavuka njia ya bodaboda, anafika dirishani, nondo za duka zimempita kimo. Mbele yake kuna watu wazima watatu, mmoja anataka vocha, wengine wawili wanabishana habari za mpira. Inabidi atoe shikamoo ya kusikika, maana aliyoimeza haimfikii mtu. Inabidi ataje vitu vitatu asisahau cha mwisho. Sukari inapimwa, mafuta yanamiminwa kwenye chupa aliyokuja nayo, hesabu inafika 1,900. Chenji yake ni 3,100. Lakini Mangi hana mia. Anasukuma 3,000 na pipi mbili.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Pipi zile ni za nani? Ni chenji ya mama au zawadi ya mtoto? Akizila njiani, atasema nini nyumbani? Na kama anataka mia yake, ataidai kwa maneno gani mbele ya watu wazima bila kuonekana mjuaji? Sijui somo lolote la darasani linalomweka mtoto kwenye hesabu, uaminifu na adabu ndani ya dakika moja kama pipi mbili za Mangi.

Kuhusu hesabu, upo uchunguzi mmoja maarufu kutoka Recife, Brazili, uliochapishwa mwaka 1985 na Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann. Waliwafuata watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wakanunua kwao kama wateja wa kawaida. Kwenye biashara watoto walipatia takriban asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu za aina hiyo hiyo zikiwa namba tupu za kishule, walipatia kama asilimia 37. Watoto watano ni wachache, na sisemi shule haina kazi. Ninachosema ni kwamba namba yenye mwenyewe anayeisubiri nyumbani huishughulisha akili ya mtoto kwa namna ambayo namba ya ubaoni haiwezi.

Sasa kujiamini. Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka kwenye vyanzo vinne: kulitenda jambo na kulimudu, kumwona mtu anayefanana naye akilimudu, kuambiwa na wengine kwamba anaweza, na jinsi anavyousoma mwili wake, moyo unapomdunda na viganja vinapotoa jasho. Vyanzo hivyo havilingani nguvu. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Kuambiwa "unaweza" kunasaidia kidogo, na kunaisha haraka mtoto akijaribu akashindwa. Sisi wazazi tunakipenda hicho cha tatu kwa kuwa hakituchukulii muda. Tunamwambia mtoto asubuhi na jioni kwamba yeye ni shujaa, halafu tunamfunga kamba za viatu akiwa darasa la tatu. Mtoto haamini masikio yake kuliko mikono yake. Ameshaona kwamba kamba anafungiwa.

Haya Afrika Mashariki tunayajua zamani, na watafiti waliokuja kwetu waliyakuta yakifanya kazi. Katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Wazazi walipoeleza mtoto mwenye akili ni yupi, hawakuanza na anayejibu maswali haraka. Walimtaja anayeona kazi inayotakiwa kufanywa akaifanya bila kukumbushwa. Ufundi wa darasani waliutambua pia, lakini waliuweka kando kama kipaji cha namna nyingine. Kwingine nchini humo, kwa Wamaragoli, Robert na Ruth Munroe walichapisha mwaka 1971 matokeo yaliyoonyesha kuwa watoto waliozoea kufika mbali zaidi na nyumbani walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya maumbo na nafasi kuliko wenzao wa rika lile lile waliobaki karibu. Kichwa nacho kinajifunza njia pamoja na miguu.

Jambo gumu zaidi ni heshima, na hapa nitakaa kidogo.

Turudi dirishani kwa Mangi. Mtoto amefika wa kwanza. Anakuja mzee, anapitisha mkono juu ya kichwa chake, anahudumiwa. Anakuja dada, anahudumiwa. Mtoto bado ameshika noti yake. Wengi wetu tulilelewa tuamini kwamba kukaa kimya hapo ndiyo adabu. Ninatofautiana na malezi hayo. Mtoto aliyezoeshwa kwamba mbele ya mkubwa hana neno, siku mkubwa mwenye nia mbaya atakapomwambia anyamaze, atanyamaza. Na mtoto aliyeambiwa tu "jiamini, dai haki yako" atapaza sauti, ataitwa kidomodomo, na mtaa mzima utamlaumu mama yake. Kinachotakiwa kipo katikati, na kinafundishika: "Samahani baba, mimi nilitangulia, nimetumwa na mama." Adabu imo, haki imo, na sababu imo. Mazungumzo hayo yafanyieni mazoezi jikoni kabla mtoto hajatoka. Baba awe mzee anayepita mbele, mtoto aseme maneno yake, wote mcheke, mrudie.

Sheria zetu nazo zinakaa hapo katikati. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, tofauti na ule wa Umoja wa Mataifa uliotangulia kwa mwaka mmoja, una ibara ya 31 inayompa mtoto wajibu: kuishikamanisha familia, kuwaheshimu wazazi na wakubwa, kuwasaidia wanapohitaji. Mkataba huo huo unampa haki ya kutoa maoni yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imefuata njia hiyo, wajibu na haki ya kusikilizwa katika sheria moja. Nimewasikia wazazi ambao hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa sheria hizi wakilaumu "haki za watoto za kizungu", na wanaharakati wanaozisoma wakaruka ukurasa wa wajibu.

Kipimo changu cha heshima, hata hivyo, si duka wala wageni. Ni dada wa kazi. Mtoto anayempigia magoti bibi yake akija kutoka kijijini, kisha akamwambia dada "lete maji" bila tafadhali na bila kumtazama usoni, amejifunza kuogopa cheo, na cheo chenyewe amejifunza kukisoma kwetu. Amwamkie, achote maji mwenyewe, aoshe sahani yake aliyolia. Kazi ya dada haipungui sana kwa sahani moja. Mtoto ndiye anayebadilika.

Na wavulana wasiachwe nje ya hili. Carol Ember alichapisha mwaka 1973 utafiti wake kutoka Oyugis, miongoni mwa Wajaluo wa Kenya, ambako baadhi ya wavulana walifanya kazi za kike kwa sababu nyumba haikuwa na msichana wa umri unaofaa. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani, walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Msichana anayetumwa mara kumi wakati kaka yake anacheza gemu anaonewa, na kaka yake ananyimwa malezi.

Mzazi ataniuliza aanze vipi na mtoto ambaye hajawahi kutumwa. Mara ya kwanza nenda naye, lakini mtoto ndiye aongee na wewe usimame nyuma ukiangalia pembeni. Baadaye simama kwenye kona unakomwona. Kisha kitu kimoja bila chenji, kisha vitatu vyenye chenji. Wazazi wengi huishia hapo, na kumbe hatua muhimu inafuata: mpe uamuzi. "Hii jero tafuta nyanya, zikiwa zimeoza, wewe ndiye utakayejua tununue nini." Akirudi na bamia ambazo hukuzitarajia, pika bamia.

Ipo siku atapoteza pesa. Atarudi bila elfu mbili, amevimba macho, ameshaandaa uongo. Akichapwa, atajifunza kuuboresha uongo. Ukimhurumia ukamtuma mdogo wake aende badala yake, umemwambia kwamba yeye ndiye kasoro, na hilo linauma kuliko fimbo. Mwulize alipita wapi, rudini pamoja njia ile ile mkiangalia chini, muulizeni Mangi kwa adabu. Pesa ipatikane isipatikane, kesho mtume tena, yeye yule, tena mapema kabla hofu haijaota mizizi.

Mipaka ipo. Mtoto asitumwe usiku, wala asivuke barabara kuu ambayo hata wewe unaivuka kwa dua. Asitumwe sigara wala bia. Sheria ile ya 2009 inakataza mtoto kuuziwa vitu hivyo, na anayemtuma anamfunza kwamba sheria ni ya watu wengine. Asitumwe kwenye nyumba ya mtu ambaye humjui vizuri, na ajue kwamba akiambiwa "ingia ndani usubiri" anaruhusiwa kukataa na kuondoka bila kuaga. Na kazi inayomkosesha shule au usingizi haimo kabisa katika mazungumzo haya. Mtoto anayeuza karanga stendi saa tatu usiku halelewi, anatumikishwa.

Kwa kijana wa miaka 15 na kuendelea duka la Mangi limeshakuwa dogo. Yeye aende dirisha la mapokezi hospitalini aeleze anaumwa nini wakati wewe umekaa kwenye benchi. Akate tiketi ya basi ya likizo mwenyewe, aulize basi linaondoka saa ngapi na mzigo unalipiwa kiasi gani. Apeleke kitambaa chake kwa fundi cherehani, wapatane bei na siku. Fundi, kama tujuavyo mafundi, siku hiyo hatakuwa amemaliza. Kijana atarudi nyumbani akitaka umpigie fundi simu umfokee. Usipige. Mwulize waliagana nini, amelipa kiasi gani cha utangulizi, na atamwambiaje fundi kesho. Akirudi tena mikono mitupu, basi amekuja na tarehe mpya. Iandikeni ukutani, na siku ikifika aende yeye.