Mabawabu wa Mlango Mwembamba

Atakaye kuyafahamu maovu yaliyojipenyeza katika uendeshaji wa vyuo vikuu vya Nigeria hana budi kuanza na hesabu kabla ya kuanza na lawama. Kwani nchi ambayo vijana wake zaidi ya milioni moja na laki tisa walifanya mtihani wa kuingilia elimu ya juu mwaka 2025 haijapata, katika miongo yote hii, kuwa na viti vya chuo kikuu vya kuwatosha hata nusu yao, na pale ambapo watu ni wengi na kitu ni haba, yule aliyekabidhiwa kukigawa huwa amepewa, apende asipende, mali isiyoandikwa katika daftari la mishahara. Wako waandishi, wageni na hata wenyeji, waliozoea kulieleza jambo hili kana kwamba ni maradhi wanayozaliwa nayo watu wa nchi ile. Kauli hiyo ni ya uvivu. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba kwa muda wa takriban miaka hamsini serikali ya Nigeria imekuwa ikiweka bawabu juu ya bawabu, kila mmoja akitakiwa amchunge mwenziwe aliyemtangulia, na kila mmoja, baada ya kitambo kisicho kirefu, akaonekana kuwa naye ana mkono wa kupokelea.

Hapo mwanzo bawabu alikuwa mmoja, na kazi yake ilikuwa nyepesi. Chuo cha Ibadan kilifunguliwa mwaka 1948 chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, kwa mapatano ya namna ile ile yaliyofungwa na Makerere muda mfupi baadaye. Wanafunzi walikuwa wachache mno, na shahada waliyoipigania ilikuwa ya London yenyewe. Baada ya uhuru vikazaliwa vyuo vya Nsukka, Zaria, Ife na Lagos. Kisha, fedha za mafuta zilipofurika katika hazina, serikali ya kijeshi ikaazimia mwaka 1975 kuanzisha vyuo saba kwa mkupuo mmoja. Kila chuo kilikuwa na fomu yake, mtihani wake na orodha yake, hata kijana mmoja aliyejaliwa akili, au baba mwenye jina, akawa ameshika barua tatu za kukubaliwa ilhali jirani yake hana hata moja, na viti viwili vya yule wa kwanza vikabaki vitupu mpaka masomo yamekwisha kuanza. Ndipo mwaka 1978 ikaundwa Bodi ya Pamoja ya Udahili, ambayo Wanigeria wote huiita JAMB, ikapewa yenyewe mamlaka ya kutahini vijana wa nchi nzima na kuwagawia nafasi.

Bodi hiyo ilirithi swali ambalo mtihani pekee hauwezi kulijibu. Katika zama za ukoloni Waingereza waliwabana wamisionari wasitapakae katika milki za masultani wa kaskazini, wala wao wenyewe hawakujenga huko shule za kutosha badala ya zile walizozizuia. Hivyo siku ya uhuru kusini kulikuwa na wahitimu wengi kupita kiasi ukilinganisha na kaskazini, na kama nafasi zingegawanywa kwa alama tu, majimbo mazima yangekaa kizazi baada ya kizazi bila kupata tabibu wala mhandisi wa kwao. Basi ikawekwa kanuni: katika kila nafasi 100, 40 ziwe za wenye alama za juu popote watokapo, 30 ziwe za wenyeji wa eneo linalokizunguka chuo, 20 za majimbo yaliyoachwa nyuma kielimu, na 10 zilizobaki ziachwe katika hiari ya chuo chenyewe. Mimi si miongoni mwa wanaoidharau hesabu hiyo, kwa maana iliasisiwa kwa nia ya insafu, na anayeikejeli aghalabu ni yule ambaye mjomba wake alisoma Ibadan zamani. Lakini ndani yake mlikuwa na milango miwili ya nyuma.

Wa kwanza ni ule wa asili. Nchini Nigeria jimbo la mtu si lile alilozaliwa bali ni lile la baba yake, na ushahidi wake ni cheti kitolewacho na serikali ya mtaa, karatasi yenye muhuri na sahihi ya karani ambaye mshahara wake haumtoshi mpaka mwisho wa mwezi. Binti aliyezaliwa Ibadan, akakulia Ibadan, akasema Kiyoruba kama mama wa sokoni, huhesabiwa mgeni hapo ikiwa baba yake alitoka Imo. Na asipopata alama za kumwingiza katika fungu la kwanza, wazazi wake huambiwa na wenye uzoefu kwamba cheti cha jimbo jingine hupatikana, na bei yake hutajwa. Mtu anayenunua karatasi hiyo hajioni mwizi hata kidogo. Anajiona mtu aliyenyimwa haki, akainunua.

Mlango wa pili ni lile fungu la hiari. Nafasi 10 katika 100 si kitu kikubwa kwenye karatasi, lakini katika kitivo cha utabibu au cha sheria, ambako maelfu hupigania viti mia moja au mia mbili, nafasi hizo ni dhahabu. Na mtu anayezigawa, yaani Makamu Mkuu wa Chuo, aliye mtendaji mkuu kwa mpango uliorithiwa kwa Waingereza, huletewa vimemo kutoka kwa maseneta, majenerali waliostaafu, maaskofu, wafalme wa jadi na makatibu wakuu wa wizara, pamoja na orodha ya watoto wa wafanyakazi wa chuo wenyewe, ambao huona kwamba kumwacha nje mtoto wa aliyefagia ofisi hiyo kwa miaka ishirini ni ukosefu wa utu. Aweza kuvikataa vimemo hivyo. Lakini seneta aliyekataliwa mwezi wa Septemba ndiye atakayeketi katika kamati ya bajeti mwezi wa Novemba, na paa la maktaba linavuja. Nimetaja paa kwa makusudi, kwa maana mijadala mingi ya ufisadi humsawiri mkubwa wa chuo kuwa ni mlafi tu, na mara nyingine ni mlafi kweli. Ila mara nyingi zaidi huanza kwa kumfanyia shufaa mtoto mmoja ili chuo kipate pampu ya maji, na baadaye, mkono ukisha kuzoea, haja ya pampu husahauliwa. Siku hizi kanuni husema 45, 35 na 20, na fungu la hiari limefutwa katika maandishi. Vimemo havikukoma.

Kufikia mwisho wa karne iliyopita mtihani wa JAMB ulikwisha kupoteza heshima. Karatasi zilivuja, wanafunzi wa vyuo walilipwa kuketi mitihani badala ya wenye majina, zikatokea shule za mbali, zijulikanazo kama vituo vya miujiza, ambako mzazi alilipa ada ya ziada na mwanawe akatoka na alama asizozitarajia hata yeye mwenyewe. Sheria hazikukosekana, maana utawala wa kijeshi wa Buhari wa mwaka 1984 ulitangaza kifungo cha miaka 21 kwa udanganyifu katika mitihani, na adhabu kali namna hiyo ina tabia ya kutotumika kabisa. Vyuo vikalalamika kwamba vinaletewa vijana wenye alama 300 katika 400 wasioweza kuandika aya moja iliyonyooka, na mwaka 2005 waziri wa elimu, Chinwe Obaji, akaviruhusu viwapime upya kwa mtihani wao wenyewe. Bawabu wa zamani akarudishwa langoni, akasimama nyuma ya yule aliyeletwa kumwondoa. Mtihani wa pili ukawa na ada yake, na pesa ya basi na malazi ya mtahiniwa kutoka Kano hadi Nsukka, na vyuo vilivyokuwa vimenyimwa fedha na serikali vikagundua kwamba kuwatahini vijana elfu arobaini kwa ajili ya nafasi elfu sita ni biashara njema. Waziri Adamu Adamu akaupiga marufuku mwaka 2016; haukupita muda mrefu ukarudi, umebadilishwa jina.

Mwaka huo huo wa 2016 aliteuliwa kuwa msajili wa JAMB Profesa Ishaq Oloyede, mwanachuoni wa taaluma za Kiislamu aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Ilorin, na lililofuata lilikuwa kama fedheha kwa wote waliomtangulia: mwaka 2017 bodi ilipeleka hazina ya taifa zaidi ya naira bilioni 5, ilhali miaka ya nyuma ilikuwa ikipeleka kiasi kisichostahili hata kutajwa. Ada ilikuwa ile ile, na watahiniwa hawakuzidi mno. Wakaguzi walipotumwa majimboni kuuliza habari za kadi za kujiandikishia mtihani zilizouzwa zamani, karani mmoja wa ofisi ya Makurdi aliripotiwa mapema mwaka 2018 kueleza kwamba naira milioni 36 zilimezwa na nyoka, maneno ambayo baadaye aliyakana, na shauri likafika mahakamani. Nchi nzima ilicheka. Kicheko hicho kiliwafaa wengi, kwani aliyekuwa akimcheka karani wa Makurdi hakuuliza mabilioni ya makao makuu yalimezwa na nani.

Oloyede aliweka imani yake katika mashine. Mtihani ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye kompyuta. Yeye akaongeza kamera, na kuanzia 2021 nambari ya kitambulisho cha taifa, na tangu 2017 akaulazimisha kila udahili upite katika mfumo mmoja wa kielektroniki ambamo chuo hupendekeza, bodi huidhinisha na kijana hukubali. Uhodari wa mfumo huo ulionekana kwa yale uliyoyafichua: kati ya 2017 na 2020, kwa hesabu ya bodi yenyewe, vyuo vya elimu ya juu vya kila aina vilidahili watu zaidi ya laki saba nje yake. Vijana hao waliketi darasani, walilipa ada, walifanya mitihani, kisha karibu na kuhitimu wakaambiwa kwamba kisheria hawapo. Na kwa kuwa haiwezekani kulifuta jeshi zima la wanafunzi, ikabidi kuwe na utaratibu wa kuwahalalisha, nao ukawa na foleni yake, na foleni ikawa na watu wa kuifupisha. Mashine nayo hukosea. Mwezi wa Mei 2025 Oloyede alitoa machozi mbele ya waandishi wa habari akikiri kwamba hitilafu katika mitambo iliharibu matokeo ya watahiniwa 379,997 wa Lagos na majimbo ya kusini mashariki, wakaitwa kurudia mtihani kwa taarifa ya siku chache. Hakuna aliyethibitisha hongo katika jambo hilo. Lakini watu wa kusini mashariki hawakukosa kuliona kuwa ni njama dhidi yao, na msajili mwadilifu alivuna shaka iliyopandwa na wengine.

Mambo ya utawala wenyewe yahitaji maneno machache tu, kwa sababu yanafuata njia zile zile. Makamu Mkuu wa Chuo hushika kiti kwa muhula mmoja wa miaka mitano, huku akiwa na zabuni za ujenzi, ajira za mamia na fedha za mfuko wa elimu utokanao na kodi ya faida za makampuni. Si ajabu kiti hicho kikagombewa kama kiti cha gavana. Mwezi wa Machi 2022, huko Ife, wafuasi wa dini za jadi walikwenda na hirizi zao mpaka lango la chuo kupinga uteuzi wa profesa asiyekuwa mzaliwa wa mji. Lagos mwaka 2020 baraza la chuo, likiongozwa na Wale Babalakin, lilimwondoa Profesa Oluwatoyin Ogundipe kwa tuhuma za matumizi ya fedha. Yeye akakataa kuondoka, sherehe za mahafali zilikuwa zimekwisha kuahirishwa, rais akaingilia, Babalakin akajiuzulu, na Novemba Ogundipe akarudishwa kwa hoja kwamba utaratibu wa kumwondoa ulikiukwa. Waliotaka kujua kama fedha zilitumika vibaya au la walibaki na habari za utaratibu.

Aliyevuka vizingiti vyote hivyo hukuta vingine ndani, na hapa bei haitajwi kwa naira peke yake. Wapo wahadhiri wanaolazimisha vijitabu vyao vinunuliwe, wapo wanaopokea bahasha ili alama ya chini ipande. Na wapo wanaowataka wanafunzi wa kike miili yao, dhulma iliyosemwa kwa minong'ono mpaka mwanafunzi mmoja wa Ife alipomrekodi Profesa Richard Akindele, aliyehukumiwa kifungo cha miaka miwili Desemba 2018, na mpaka Kiki Mordi na wenzake wa BBC walipoingiza kamera za siri katika Chuo Kikuu cha Lagos mwaka uliofuata. Mhadhiri wa namna hiyo naye yumo katika sura hii kwa haki, maana cheo chake kidogo kina nguvu kwa sababu ile ile: mwanafunzi aliyegharimu familia yake miaka mitatu ya kujaribu kuingia hana ujasiri wa kufukuzwa.

Wengine huacha kujaribu, wakavuka mpaka. Jamhuri ya Benin na Togo zimejaa vyuo vya watu binafsi vilivyojengwa kwa ajili ya Wanigeria walioshindwa kupita kwao, na mwishoni mwa mwaka 2023 mwandishi wa Daily Nigerian, Umar Audu, alionyesha kwamba shahada ya miaka minne ilipatikana Cotonou kwa wiki sita, na kwamba kwa shahada hiyo hiyo aliitwa kujiunga na huduma ya taifa bila mtu kumuuliza neno. Serikali ilisimamisha kutambua shahada za nchi hizo mbili Januari 2024, na Agosti waziri Tahir Mamman akataja Wanigeria zaidi ya 22,000 wenye vyeti bandia. Tangazo la Januari halikubagua. Waliosoma Cotonou miaka minne kamili, kwa Kifaransa cha kujifunzia njiani, walipanga foleni katika wizara ya Abuja pamoja na walionunua, wakiwa na daftari zao za darasani, wakisubiri ofisa wa kuzitazama.