Mawingu Kabla ya Meli

Mpiga makasia mmoja wa mto Thames alisimulia uzeeni kwamba mara nyingi alimchukua mchoraji wa meli, Willem van de Velde Mdogo, kwenye mashua, hali ya hewa iwe shwari au chafu. Abiria huyo alibeba karatasi kubwa za samawati na chaki nyeusi na nyeupe. Hakutoka kutafuta meli. Alitoka kutazama mawingu.

Ujuzi wa meli alikwisha kuupata kwa baba yake. Willem Mkubwa, Mholanzi aliyezaliwa Leiden mwaka 1611, alizijua meli kama fundi aliyeziunda. Mwaka 1666, Waholanzi na Waingereza walipopigana baharini siku 4 mfululizo, yeye alikuwa kwenye chombo kidogo akichora huku mizinga ikilia. Alinakili mapambo ya tezi, matundu ya mizinga na mpango wa milingoti. Baada ya baba na mwana kuhamia Uingereza, Mfalme Charles wa Pili aliwapangia mwaka 1674 pauni 100 kila mmoja kwa mwaka: baba achore vita vya baharini, mwana aitie michoro hiyo rangi.

Kazi ya mwana inaweza kuonekana ndogo. Si ndogo hata kidogo. Meli iliyochorwa bandarini kwa usahihi wote, msumari kwa msumari, ukiibandika juu ya bahari ya kubuni itaelea kama picha iliyokatwa gazetini. Baharia ataishtukia mara moja: bendera inapepea huku, tanga limevimba kule. Upepo ukitoka joshi, chombo hulalia demani, povu hukatika kwenye vilele vya mawimbi, na kivuli cha wingu hutia giza kipande cha maji huku kipande cha jirani kikimeta. Hayo hayakaririwi chumbani. Ndiyo maana ya zile safari za mashua.

Tazama picha zake mbili zilizoko Rijksmuseum, Amsterdam, zote za miaka ya 1680 hivi. Katika moja bahari imetulia, matanga yamelegea, na moshi wa mzinga umejikusanya kandoni mwa meli kwa kukosa upepo wa kuutawanya. Katika nyingine dhoruba imeikumba meli, ikalala ubavu chini ya mbingu nyeusi. Mimi naipenda ya kwanza zaidi. Dhoruba hujipigia kelele yenyewe. Kuuchora utulivu hata mtazamaji ahisi kwamba upepo umekufa ni kazi ngumu mno.

Baba alifariki mwaka 1693, mwana mwaka 1707. Chumba walichopewa kufanyia kazi, ndani ya jumba la malkia lililoko Greenwich, kipo hadi leo, na makumbusho ya hapo yanahifadhi zaidi ya michoro 1,000 ya karatasi waliyoiacha.