Baiskeli ya Kwanza: Kagua Kabla ya Kulipa
Mkazi wa Lodwar au Kakuma anayenunua baiskeli ya mtumba kwa fedha kidogo asizimalize zote kwa muuzaji. Miiba ya mathenge hutoboa tairi kila mara, hivyo abakishe za tyubu ya akiba, viraka na pampu. Baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba hukimbia vizuri kwenye lami, lakini huzama kwenye mchanga wa mto mkavu. Tairi pana hufaa zaidi.

Rangi mpya isimdanganye, huenda inaficha ufa penye maungio ya fremu. Ainue gurudumu, alizungushe. Likiyumba, ringi imepinda. Cheni na breki hubadilishwa. Fremu iliyopasuka haifai hata kwa bei ya kutupa. Adai risiti yenye nambari ya fremu, asije akauziwa baiskeli ya wizi.